Mbuzi wa Kerubo na Maneno Yaliyokufa

Muaither, Doha
5 Machi 2010

Mpendwa Mjomba Laban,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Auntie Pamela na Nyanya. Mimi ni mzima. Kazi ya wodi ni ile ile, miguu inauma hadi naionea haya, lakini wagonjwa wanapona na wananiombea dua kwa Kiarabu ambacho nusu yake sielewi. Naitikia amina tu. Yule ng'ombe mweusi amezaa? Kifua cha Nyanya je?

Unaona nimekuandikia kwa Kiswahili. Barua ya mwisho niliyoandika kwa Kiingereza uliirudisha na kalamu nyekundu, ukanipa alama sita kwa kumi. Jameni, Mjomba! Mimi ni nesi aliyesajiliwa, nalipwa kwa Kiingereza hicho hicho.

Uliuliza nasali wapi. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko huku, kwa hivyo Ijumaa tunapanda basi kwenda Mesaimeer, kwenye makanisa. Jumamosi nikiwa na zamu, naishika Sabato nikiwa nimevaa glavu. Usimwambie Mzee Herbert, atanitoa kwenye kitabu cha washiriki.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Joram, yule kijana wa Vihiga anayetengeneza kompyuta hotelini? Ameniposa na nimekubali. Wazee wake wanataka kuja Keroka mwezi wa nane, na harusi iwe Desemba nikipata likizo. Nilimpigia Nyanya simu, akapiga vigelegele hadi akakohoa, halafu akasema: hakuna mtoto wa Rael atakayetoka kwenye boma hili kabla mjomba wake hajamchinjia mbuzi.

Najua tangu ubatizwe hujagusa mambo hayo. Lakini Mama hayupo, na baba yangu hata wewe hujui alikoelekea. Wewe ndiye uliyenilea, ndiye uliyenifunga kamba za viatu. Nataka unichinjie, Mjomba. Bila hivyo nitaolewa, ndiyo, lakini nitaolewa kama mtu aliyetoroka kwao.

Barua hii anaileta Stacy, mwenzangu wa wodini, anakuja likizo. Nijibu kupitia kwake maana simu yako huiwashi.

Mwanao,
Kerubo

* * *

Keroka
18 Aprili 2010

Kwako Kerubo, nesi uliyesajiliwa,

Barua yako imefika ikinukia marashi ya Stacy hadi Auntie yako akaniuliza ni nani ananiandikia. Sisi tu wazima. Ng'ombe alizaa ndama dume, hasara tupu. Kifua cha Nyanya kimetulia na sasa anagombana na redio. Anasema mtangazaji wa asubuhi humwongelea vibaya. Auntie yako amechaguliwa kiongozi wa kwaya na nyumba imekuwa haikaliki kwa kuimba.

Kiswahili chako kizuri. Nimekupa nane.

Mimi kustaafu kulikuwa kumenishinda, lakini nimepata kazi. Kisumu, kwenye vitabu vya mitumba, nilinunua kamusi ya kale ya Kiingereza, nene kuliko tofali. Naandika kijitabu cha maneno ya Kiingereza yaliyokufa, na nimeanza na maneno ya sadaka na kafara. Aliyenichokoza ni Mzee Herbert. Alisimama kanisani akasema kuchinja na kumwaga damu ni mambo ya giza ya mababu zetu sisi, na kwamba Kiingereza ni lugha safi iliyokuja na Injili mkononi. Nilicheka kwa sauti. Auntie yako alinifinya paja, alama ipo mpaka leo.

Lugha safi! Sikiliza. Waingereza wa kale walikuwa na neno housel. Ndivyo walivyouita mkate wa Meza ya Bwana, na mtu aliyekaribia kufa walimletea housel kitandani. Lakini ukilifuata neno hilo nyuma, kwa binamu zao Wagothi, unakuta maana yake ni sadaka yenyewe, ile ya madhabahuni. Wamisionari wao walilikuta limekaa kwenye madhabahu za zamani, wakalivisha nguo mpya wakaliingiza kanisani.

Au tiber. Huyo alikuwa mnyama wa kutolewa kafara. Neno limekufa kabisa, hata Malkia halijui. Ila Wajerumani wamebaki na mjukuu wake: wanapotaja wadudu waharibifu wa nyumbani hutumia neno ambalo zamani lilikuwa mnyama mchafu asiyefaa kuchinjiwa miungu. Yaani mende ni mende kwa sababu si mbuzi. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka Nyanya akaacha kugombana na redio akaja kugombana na mimi.

Nimeanza na H na T. B nimeiruka kwa sasa.

Joram namkumbuka kwenye picha. Ana masikio makubwa, dalili ya mtu anayesikiliza. Wazee wake na waje, tutawapikia. Lile jambo la mwisho la barua yako nimelisoma pia, lakini karatasi imeniishia.

Mjomba wako,
Laban

* * *

Muaither
11 Juni 2010

Mjomba wangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Mwambieni Auntie hongera za kwaya, na mwambieni Nyanya azime redio. Huku joto limeshafika lile la kupika yai juu ya paa la gari. Tunatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na katikati tunajificha kwenye baridi ya mitambo. Nimepandishwa kidogo kazini, sasa mimi ndiye nawapangia wenzangu zamu, kwa hivyo nachukiwa na watu wa mataifa sita.

Karatasi haikukuishia, Mjomba. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Hata Joram ameiona, akasema, "Huyu mzee ana nafasi ya mende lakini hana nafasi ya mbuzi wako." Nilikutetea, lakini moyoni nilimuunga mkono.

Mambo ya housel nimeyapenda kweli. Ijumaa iliyopita nilikuwa Mesaimeer wakati wa Meza ya Bwana, nikaushika ule mkate nikawaza watu wa kale wa Uingereza. Nikajiambia, kumbe na wao walitoka mbali.

Sasa nakuuliza wazi, ili usiseme hukuelewa. Utanichinjia? Kama ni hapana, niambie hapana, nimweleze Nyanya mwenyewe. Kinachoniumiza ni kimya chako, na mimi nakijua kimya chako tangu utoto. Ukiniambia hapana nitalia siku mbili na nitanyamaza.

Na mbona B umeiruka? Mwalimu aliyetuchapa kwa kuruka maswali!

Kerubo wako

* * *

Keroka
29 Agosti 2010

Mwanangu Kerubo,

Nyote hamjambo huko kwenye tanuri? Sisi hatujambo. Mahindi yamekubali mwaka huu. Nyanya amepata meno ya bandia na anayavua kila mgeni akija, ili aulizwe kuhusu meno.

Wazee wa Joram walikuja na waliondoka wakiwa wameshiba na tumeelewana. Baba yake ni mtu wa utani mzito. Alimwuliza Nyanya kama kwa mahari hiyo wanamchukua na yeye, na Nyanya akavaa meno haraka. Nakwambia ukweli, nimewapenda. Nilitafuta kasoro siku nzima na sikuiona, na iliniudhi kidogo.

Umetaka jibu. Jibu ni hapana, Kerubo. Nilibatizwa mtoni nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu, nikaiacha hiyo damu na maneno yake. Mimi ni mzee wa kanisa. Herbert yuko pale ananisubiri niteleze hatua moja aiandike. Nitakuombea, nitakusindikiza hadi madhabahuni, suti nimeshapeleka kwa fundi. Mbuzi, hapana.

Ili usikasirike sana, nakupa neno. Waingereza wa kale walikuwa na neno lac. Ukitoa kafara, ni lac. Ukimpa mwenzio zawadi, ni lac. Na watu wakicheza na kurukaruka, hiyo pia ni lac. Madhabahu, zawadi na mchezo, vyote kwenye sahani moja! Limekufa peke yake, lakini wanaojua asili ya maneno husema ndugu yake amejificha ndani ya wedlock, lile neno lao la ndoa. Walimu wenzangu miaka yote walikuwa wakitania kwamba ndoa ya Kiingereza ina kufuli ndani. Kumbe si kufuli hata kidogo.

B bado naishughulikia.

Mjomba wako,
Laban

* * *

Muaither
20 Novemba 2010

Mpendwa Mjomba,

Salamu sana. Nililia siku mbili kama nilivyoahidi. Halafu kazi ikawa nyingi, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Msinikasirikie. Likizo imetoka! Natua Nairobi tarehe kumi na sita Desemba, mimi na Joram.

Nina habari njema, tena nzuri mno, na huenda imekufikia kabla ya barua hii. Juzi ilikuwa Idi ya kuchinja. Faridah, yule Mganda rafiki yangu anayefanya kazi nyumbani kwa watu huko Umm Salal, alinialika. Mjomba, nyama! Wanachinja, wanagawa kwa ndugu, kwa jirani na kwa maskini, na hakuna anayeulizwa dini. Mimi Msabato nilibeba mfuko hadi mkono ukafa ganzi. Mama mwenye nyumba alinifunga mwenyewe fundo la mfuko akaniambia nile nikiwa na furaha. Nilikumbuka lac yako.

Sasa sikiliza. Faridah akaniambia kwamba tajiri wake huchinja pale nyumbani, na juu ya hayo hutoa pesa ili mbuzi wengine wachinjwe kwingine, hata Uganda, kwa jina lake. Kuna watu wa kazi hiyo. Yeye amekaa Umm Salal, mbuzi anachinjwa Mbale, na ni halali kabisa. Kuna mwaka hata kijiji cha akina Faridah kilikula nyama ya mtu wa Doha wasiyemjua.

Nikasema, mbona nimeteseka hivi? Mjomba hataki kushika kisu, basi asishike! Nimemtumia mwanao Tom pesa ya mbuzi mzuri na nimemwambia amchinje kwa niaba yako. Mikono yako iko safi, Herbert hana la kuandika, Nyanya amepata mbuzi wake na mimi naolewa kwa heshima. Nimefurahi hadi nimeimba kwenye lifti.

Na B nimeitafuta mwenyewe, kwa kompyuta ya Joram. Kumbe blot lilikuwa neno lao la kutoa kafara, tena Novemba hii hii waliiita mwezi wa blot, kwa sababu ndipo walipowachinjia miungu mifugo. Na kumbe bless, hilo tunalolisema kila siku, wengi husema limetokana na damu: kukiblesi kitu ilikuwa kukitia alama ya damu kiwe kitakatifu. Ulijua, Mjomba. Ulijua tangu Aprili ukaniruka!

Mwenye furaha,
Kerubo

* * *

Keroka
1 Desemba 2010

Kerubo,

Sisi ni wazima, ng'ombe ni mzima, mvua ipo. Salamu zimeisha.

Nilikuwa dukani kununua sukari. Narudi, nasikia mbuzi analia uani kwangu. Tom wangu, mwalimu wa hesabu mzima, amekunja mikono ya shati. Nyanya amesimama mbele yake na fimbo. Nakuandikia nilivyosikia kwa masikio yangu:

"Huyu mbuzi wa nini?"

"Wa Kerubo, Nyanya. Namchinja kwa niaba ya Baba."

"Baba yako amekufa?"

"Hapana. Yuko dukani."

"Amekatwa mikono huko dukani?"

"Hapana, Nyanya. Huko Doha ndivyo wanavyofanya."

"Haya. Ukishachinja, nani atamwambia msichana 'Nenda'?"

Tom akakuna kichwa. "Hilo Kerubo hakuniambia."

Alichinja hata hivyo, kwa kuwa pesa yako ilikuwa imeshaliwa na muuza mbuzi. Nyanya hakugusa hata mchuzi. Alisema hiyo ni nyama ya chakula cha jioni tu, na wewe bado uko kwetu. Mzee Herbert alipita kwa bahati mbaya iliyopangwa, akala sahani mbili.

Mwenye nyumba wa Umm Salal anatoa kwa Mungu wake, na Mungu anaona Doha na Mbale kwa pamoja. Sina neno naye. Lakini mbuzi huyu hakuwa wa Mungu, mtoto wewe, hata mababu hawakudai hivyo. Nyama ni ya wageni. Kazi yenyewe ni kwamba mjomba anasimama mbele ya watu, kisu mkononi, anamwita binti kwa jina na kusema, "Nenda." Basi. Akishasema, yule si wake tena wa kumrudisha. Hakuna anayeweza kulisema kwa niaba yangu, awe Tom au awe askofu.

Nilipomwona Tom ameshika kile kisu nilikasirika hadi sukari ikamwagika. Nilitaka kumpokonya. Nikajiuliza, Laban, wewe si ndiye uliyekataa? Wivu wa nini?

Nitasema, maana umesoma B na hakuna pa kujificha. Si kanisa. Kanisa lilinipa pa kuegemea tu. Mama yako nilimchinjia mimi, kaka yake, kwa kuwa hatukuwa na mjomba aliye hai. Rael alikuwa na furaha siku ile, amevaa gauni la manjano. Nikamwambia "Nenda" kwa sauti kubwa, kama mwalimu. Akaenda, na aliyerudi kwangu ni wewe, umebebwa mgongoni na mtu mwingine. Wewe ulikuja badala yake. Kila nikifungua B naona siku ile, na mdomo unakataa.

Nakupenda, na nimekukasirikia. Yote mawili.

Laban

* * *

Muaither
7 Desemba 2010

Mjomba wangu,

Maurice wa kazini anasafiri leo jioni na ndiye atakayebeba barua hii, naandika nikiwa nimesimama. Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha dawa na wenzangu wamedhani nimefiwa.

Sikujua habari za gauni la manjano. Hukuwahi kuniambia.

Sina hasira. Nisamehe mambo ya Tom. Joram alicheka hadi akakaa sakafuni aliposikia "yuko dukani", halafu akaacha kucheka alipofika kwa Mama.

Nakwambia jambo moja tu. Vihiga ni karibu kuliko Doha. Nilishakwenda mbali, na kila mara nimerudi, na nitarudi tena nikiwa na mtu wa kunibebea sanduku. Mama alipatwa na maradhi, Mjomba. Hakuuliwa na neno lako. Mimi ni nesi, hilo nalijua.

Nitakuwa uani tarehe ishirini asubuhi. Ukisimama, tutashukuru. Usiposimama, nitakushika mkono twende kanisani hivyo hivyo.

Kerubo

* * *

Keroka
17 Januari 2011

Kwa Kerubo na mkwe wangu Joram,

Natumaini mlifika salama na baridi ya huko haijawauma. Sisi tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nyanya bado anaeleza harusi yenu kwa kila apitaye barabarani, na kila siku anaongeza wageni. Sasa amefika kwa mbunge, ambaye hakuwepo. Auntie yako amepoteza sauti na mimi namshukuru Mungu kwa njia yangu. Mzee Herbert hajaandika lolote kunihusu. Alinijia nyuma ya kanisa akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli ile habari ya bless. Nikamwonyesha kamusi. Akaisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaniuliza yale mahubiri yake ya lugha safi sasa atayafutaje. Tumekuwa marafiki, jambo ambalo sikulipanga. Kijitabu kimeisha, B nayo imo.

Mwanangu, siku ile uani mliniona nikisimama. Kisu nilikishika mwenyewe na mbuzi hakuteseka. Kisha nikakugeukia mbele ya watu wote, nikakuita kwa jina, mdomo ukafunguka, na wanawake wakapiga vigelegele, na wewe ukalia, na Joram akalia na masikio yake yote. Nyanya anaapa alinisikia. Tom anasema kelele zilikuwa nyingi.

Hakukuwa na kitu cha kusikia. Nilifungua mdomo tu. Sauti haikutoka, nikashukuru vigelegele, nikawaacha wote waamini. Nyinyi mmepanda ndege mkiwa mume na mke mbele ya Mungu na mbele ya serikali, lakini kwa desturi ya nyumba hii, Kerubo, umekuwa msichana wangu mwezi mzima zaidi ya haki yangu. Nimeufurahia mwezi huo. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikijua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua.

Usimwambie Nyanya. Atadai mbuzi mwingine.

Sasa nimekaa mezani, mlango umefungwa, na mkono wangu uko sawa. Joram, mwite karibu ukae naye asome hapa mkiwa pamoja.

Kerubo, mwana wa Rael, nenda.

Mjomba wako,
Laban